Mlango Hugongwa Mara Mbili

Mimi Suyog nina madhambi yangu, na mengi nimewasimulia kwa kinywa changu mwenyewe. Lakini jambo moja naweza kuliapia hadharani: sijawahi kumchimba rafiki yangu. Kamwe. Muulizeni yeyote hapa mjini Kokura.

Haya. Shikeni hilo, tuendelee.

Jumamosi iliyopita niliwaacha pabaya, na wiki nzima mmenitukana. Mnakumbuka Bi Kuramochi wa ofisi ya ajira chuoni alivyotuita mimi na Kaka Khagendra, akatuwekea karatasi moja mezani. Kampuni ya Hinokuma, watengenezaji wa mashine za kufungasha tofu, ile jibini ya soya, wanataka mhitimu wa kigeni wa kushughulikia nyaraka za mauzo ya nje. Mmoja tu. Usaili ni Alhamisi, saa nne asubuhi. Na sisi ni wawili, tunalala chumba kimoja, na kadi zetu za ukaazi zinakufa siku moja: Jumatatu inayofuata.

Mhitimu wa kigeni huku hupewa miezi sita ya kutafuta kazi. Ukikosa, unaomba sita mingine. Ukikosa tena, hakuna wa kumwomba; unafunga begi. Sisi tulishaimaliza yote kumi na miwili. Atakayepewa barua na Hinokuma ataipeleka uhamiaji Ijumaa, atabaki. Atakayekosa ataiangalia Kokura kupitia dirisha la ndege.

Ndipo, Jumapili mchana, Kaka Khagen akafanya kile kitendo kilichowatoa macho. Mtu mzima wa miaka thelathini na tatu, mume wa mtu, baba wa mtu, alipiga magoti mbele yangu akasema:

"Dogo, nifundishe kuingia mlangoni."

"Mlango gani?"

"Wa usaili. Sijui hata naanza na mguu gani."

Nilicheka mpaka jirani akapiga ukuta.

Msinione mkatili, sikilizeni. Kaka Khagen alikuwa na barua kumi na tisa za kukataliwa, na zote zilimkataa kwenye karatasi. Hakuna kampuni iliyowahi kumwita iione sura yake. Na lile somo la adabu za usaili chuoni lilikuwa saa tatu asubuhi, saa ambayo yeye alikuwa ametoka zamu kwenye kiwanda cha vyakula vya boksi, amelala juu ya dawati mdomo wazi. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani katika somo hilo. Mwalimu aliamuru nipigiwe makofi.

"Mwalimu mzima," nikamwambia, "miaka minane umefundisha hesabu kule nyumbani Syangja, leo unamsujudia mtoto?"

"Nicheke ukishamaliza. Sasa nifundishe."

"Unakumbuka kwamba mimi ndiye mpinzani wako?"

"Mpinzani!" Akainuka, akajipangusa magoti. "Wewe? Hata soksi hujui kuzikunja. Hawatakuchukua, dogo, ila ukinifundisha vizuri nitakununulia chakula kila wiki mpaka upande ndege."

"Jumatatu ndiyo napanda."

"Basi ni mara moja."

Ndivyo alivyo Kaka Khagen. Utani wake una chaki.

Nikamfundisha. Nyuzi thelathini unapoinama, si zaidi, wewe si mkunga. Begi chini, kando ya mguu wa kiti. Mikono juu ya mapaja. Yote sahihi, yote kama nilivyofundishwa. Kwa dakika kumi na moja nilikuwa mtu mwema. Najua ni kumi na moja kwa sababu niliitazama saa baadaye.

Dakika ya kumi na mbili akainua godoro lake, akatoa bunda la karatasi lililofungwa kwa utepe.

"Ukishasema jina lako," akauliza, "zawadi unatoa kwa mikono miwili?"

"Zawadi gani?"

"Kitabu cha maelekezo cha ile mashine yao kubwa. Kipo kwenye tovuti yao. Nilisoma wanataka kuuza India, nikaona nikitafsiri. Kihindi na Kinepali. Kurasa sitini na mbili."

Nikalipekua. Ile michoro ya mashine alikuwa ameichora upya kwa penseli na rula, kila parafujo na jina lake. Majedwali yamenyooka. Hakuna hata herufi moja iliyofutwa.

Mimi nilikuwa nimeandaa nini? Tabasamu.

"Unaionaje, dogo?"

"Ni nzuri," nikasema. "Nzuri sana. Sasa twende mlangoni."

Chumba chetu kina mlango mmoja tu wa ndani, nao ni wa choo. Nikaingia, nikakaa juu ya mfuniko kama mkurugenzi, nikajifungia.

"Gonga!"

Ngo, ngo, ngo.

Mara tatu. Mtu huyu, bila kufundishwa na yeyote, alikuwa amepatia!

"Wewe nani, polisi?" nikafoka. "Mara tatu ni mtu aliyekuja kugombana! Mgeni mwenye adabu anagonga mara mbili. Taratibu."

"Mbili?"

"Mbili."

Kwa ambao hawajui: hapa mara mbili ni hodi ya chooni. Unauliza kama ndani kuna mtu. Mlango wa ofisi hugongwa mara tatu, na kila aliyekuwa macho siku ile darasani anajua.

Ngo, ngo.

"Safi! Tena!"

Ngo, ngo.

Nilikuwa nimeuma mkono wa shati ili kicheko kisitoke. Alifanya mazoezi mara thelathini, kwenye mlango wa choo, kwa hodi ya choo, na mimi nimekaa juu ya choo. Halafu akafungua daftari lake, akaandika "mara mbili" na kupiga mstari chini yake. Kwa rula, jamani.

Jioni alipika wali, dengu, na achari ya figili. Akanipakulia sahani kubwa.

"Ada ya mwalimu," akasema.

Nikala yote.

Mnanung'unika? Eti niliapa? Ndiyo, niliapa. Msinikatishe.

*

Alhamisi ilinyesha theluji iliyochanganyika na mvua. Saa nne kasorobo tulikuwa ofisini kwa Hinokuma, kwenye benchi, mbele yetu meza ndogo, na hatua kama kumi kutoka hapo ule mlango. Mapokezi alikaa mama mmoja wa miaka hamsini hivi, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, kibao cha jina kimeandikwa Urabe. Alikuwa anabandika anwani kwenye bahasha. Nilimhesabu pamoja na samani.

Kaka Khagen alikuwa amenyoosha kola yake kwa sufuria ya moto. Ilionekana kwamba ni sufuria.

Mara akapita mfanyakazi mwenye ovaroli ya bluu na mafaili mkononi. Akafika kwenye ule mlango.

Ngo, ngo, ngo.

"Ingia!"

Kaka Khagen akanigeukia polepole.

"Dogo. Yule amegonga tatu."

Moyo ulinidunda mpaka masikioni, ila mdomo wangu haujawahi kuusubiri moyo. "Yule ni mfanyakazi. Wa ndani tatu, mgeni mbili."

"Hukuniambia hivyo."

"Ningekuchanganya. Kichwa chako kimejaa parafujo."

"Una uhakika?"

"Nani alikuwa wa kwanza darasani?"

Bado alisita. Midomo yake ilikuwa inahesabu, moja, mbili, tatu, kama anayetafuta kosa kwenye daftari la mwanafunzi. Nikaona nisipofanya kitu ataniponyoka. Nikamwinulia vidole viwili mbele ya pua, halafu nikainama, nikagonga ile meza ndogo.

Ngo, ngo.

"Hivi. Umesahau tayari?"

Akashusha pumzi. "Sawa. Mbili."

Mfanyakazi alishatoka. "Bwana Khagendra," akaita yule mama wa mapokezi. "Zamu yako."

Akaenda, bunda lake chini ya kwapa, mgongo umenyooka kama yuko gwaride. Akasimama mlangoni. Akakohoa.

Ngo, ngo.

Mara ndani ikatoka sauti nzito ya mzee:

"Kuna mtu!"

Na sauti nyingine, nyembamba: "Subiri, bado hajamaliza!"

Wanaume wawili wakaangua kicheko, mmoja akipiga meza. Kaka Khagen akanigeukia, macho yanauliza. Nikamtikisia kichwa: ingia, ingia. Akaingia.

Ukuta wa ofisi ile ni mbao nyembamba. Nilimsikia akisema jina lake. Nilisikia akisema ameleta zawadi ndogo. Na nikamsikia yule mzee, huku akikata pumzi kwa kucheka:

"Ona, Shigeta! Na karatasi zake amekuja nazo!"

Hapo hata mimi niliangalia viatu vyangu. Kidogo.

Baada ya dakika kumi alitoka, uso umemwiva. Akaketi kando yangu.

"Vipi?"

"Wamecheka sana, dogo. Tangu nagonga mpaka natoka." Akatabasamu. "Nadhani wamenipenda."

Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

"Waliniuliza nani kanifundisha kugonga mlango," akaendelea. "Nikawaambia yuko hapo nje, ndiye bingwa wetu. Nimekutengenezea njia."

"Umewaambia nini?"

"Kwamba ni wewe. Mbona unatoka jasho?"

"Bwana Suyog," akaita yule mama. "Zamu yako."

Nikasimama. Kaka Khagen akanivuta mkono, akanong'ona kwa upole wa kaka kabisa:

"Mbili, dogo. Usisahau."

Jamani, mmeona nilivyojinasa? Hatua kumi. Nikigonga tatu, ananisikia. Nikigonga mbili, nachekwa mimi, na Jumatatu napanda ndege mimi.

Lakini mimi ni mimi.

"Kaka," nikasema kwa sauti iliyokauka, "koo limenishika. Kuna ile mashine ya vinywaji barabarani. Niletee chai ya moto ya kopo."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, nitashindwa hata kusema jina langu!"

Akatoka mbio. Mwavuli aliuacha kwenye ndoo. Nikasubiri mpaka mlango wa nje ukajifunga, nikaenda.

Ngo, ngo, ngo.

"Ingia!"

Niliingia kama maji kwenye bilauri. Nyuzi thelathini. Begi chini. Mapaja, mikono. Bwana Hinokuma ni mzee mfupi mwenye mashavu mekundu. Bwana Shigeta wa utumishi ana shingo ndefu na kalamu tatu mfukoni. Bunda la Kaka Khagen lilikuwa pembeni mwa meza, utepe haujafunguliwa. Nikajieleza, nikacheka pale pa kucheka. Walikuwa wanatikisa vichwa kwa kuridhika.

"Umegonga mara tatu," akasema mzee.

"Ndiyo, Bwana Mkurugenzi."

"Kwa nini si mbili?"

Mdomo wangu huo, kabla sijaushika: "Mbili ni ya chooni, Bwana Mkurugenzi."

Wakatazamana. Bwana Shigeta akaweka kalamu chini.

"Mwenzako anasema wewe ndiye uliyemfundisha."

Mwenye haya angeomba sakafu ipasuke. Mimi niliinamisha kichwa, nikatoa sauti ya msibani.

"Naona aibu kusema hivi juu ya mkubwa wangu. Nilimfundisha tatu. Jumapili nzima, tatu, tatu, tatu. Anasahau. Darasani alikuwa analala, waulizeni walimu."

"Kumbe," akasema Shigeta.

"Kichwa kizito kidogo. Na hiyo tafsiri..." Nikanyamaza kwa makusudi.

"Ina nini?"

"Nisingependa."

"Sema."

"Kihindi chake ni cha kuokota. Mteja akifuata maelekezo hayo atakatwa mkono na mashine."

Uongo. Kihindi cha Kaka Khagen ni kizuri kuliko changu mara mia. Bwana Shigeta akalichukua lile bunda, akalitazama kama samaki wa juzi, akalidondosha kwenye kapu la taka chini ya meza. Lilianguka kwa kishindo. Kurasa sitini na mbili ni nzito.

Bwana Hinokuma akashusha pumzi. "Mtu asiyefundishika hatufai." Akavuta droo, akatoa barua ya ajira. Akaandika jina langu, herufi kwa herufi, akiniuliza tahajia. "Kadi yako inaisha lini?"

"Jumatatu, Bwana Mkurugenzi."

"Basi utaondoka na barua leo."

Akafungua kijisanduku, akatoa muhuri wake, akaubonyeza kwenye wino mwekundu. Nikauangalia ule wekundu. Akilini nilishafika uhamiaji, nimeshachukua namba, nimeshaketi.

Ngo, ngo, ngo.

"Ingia!"

Ni Bi Urabe, na sinia. Vikombe viwili vya chai, na kopo moja linalofuka mvuke, limelowa.

"Mwenzake ameniomba nimpe hii," akasema, akiliweka mbele yangu. "Anasema kijana koo limekauka. Yeye mwenyewe amelowa mpaka ndani."

"Bi Urabe," akasema mzee, muhuri mkononi, mashavu yanaanza tena kucheka, "kisa cha leo hujakisikia! Huyu kijana kamfundisha yule mwenzake kugonga mara tatu, Jumapili nzima, na yule bado amekuja kutugongea mbili. Mbili za chooni!"

Bi Urabe hakucheka.

"Tatu?" akauliza.

"Tatu. Si ndiyo, kijana?"

"Ndiyo, Bwana Mkurugenzi," nikasema.

Yule mama akaishika miwani yake iliyokuwa inaning'inia, akaivaa. Akanitazama. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona kwamba ana macho.

"Lugha yao siijui," akasema. "Nimekaa mapokezi miaka ishirini na sita, sijawahi kuingilia usaili wa mtu, na samahani naingilia leo. Yule mwingine alishtuka mfanyakazi wetu alipogonga. Akamuuliza huyu kitu. Na huyu akamjibu hivi."

Akainua mkono, akaniwekea vidole viwili mbele ya pua. Akainama, akagonga meza ya mkurugenzi.

Ngo, ngo.

Muhuri ulibaki hewani. Tone moja la wino likaanguka juu ya jina langu.

Na mlango ambao Bi Urabe hakuwa ameufunga ulikuwa wazi wote, na katikati yake amesimama Kaka Khagen, nywele zinachuruzika maji kwenye ile kola ya sufuria. Alikuwa anaangalia vidole vya yule mama. Kisha akaangalia kapu chini ya meza, na utepe wake ulioning'inia ukingoni. Kisha mimi.

"Dogo," akasema, kwa lugha yetu, kwa sauti ya kuita mahudhurio darasani, "simama, unijibu. Ya chooni ni ngapi?"